Lita moja na nusu kabla ya mbio? Hapana, dada yangu

Swali limetoka kwa msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 34. Ameanza kukimbia na klabu ya jogingi ya mtaani kwao, siku nne kwa wiki, kilomita tano mpaka nane, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kiongozi wa klabu amewaagiza wanywe lita moja na nusu ya maji kabla ya kutoka, na chai waache kabisa kwa sababu "inakausha mwili". Anasema akifika kilomita ya tatu tayari anatafuta choo, na akirudi nyumbani kichwa kinamgonga mpaka saa nne. Mwenzake kazini amemshauri anywe ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha, kila siku ili kurudisha chumvi. Mama yake ana presha. Mwishoni mwa Februari anataka kwenda Moshi kukimbia kilomita 21, za kwanza maishani mwake. Anauliza: anywe nini, kiasi gani, na hizo elektrolaiti zinazosifiwa kila mahali, anazihitaji kweli?

Dada yangu, hiyo lita moja na nusu iache kuanzia kesho. Figo za mtu mzima aliyetulia zinaweza kutoa maji ya ziada kama lita moja hivi kwa saa, basi. Ukianza kukimbia zinatoa kidogo zaidi, kwa sababu mwili huachia homoni ya kuzuia mkojo na damu nyingi huelekezwa kwenye misuli na ngozi. Kwa hiyo maji uliyoyamimina kwa mkupuo saa kumi na moja hayana pa kwenda. Mengine yanachezacheza tumboni, mengine yameshafika kwenye kibofu, na ndiyo maana kilomita ya tatu unaanza kutafuta sheli yenye choo.

Glasi moja ukiamka inakutosha. Ukiamka bila kiu, hata nusu glasi si dhambi. Maji ya mbio za alfajiri hunywewa jana yake: maji ya mchana, mchuzi, uji, tikitimaji, chai ya jioni. Mtu wa umbo la kawaida akikimbia dakika hamsini kwenye joto la Dar hupoteza kati ya nusu lita na lita moja ya jasho, wengine zaidi kidogo. Kwa mtu wa kilo sitini na kitu hiyo ni kama asilimia moja mpaka moja na nusu ya uzito wake. Mwili hauyumbi kwa hilo. Unarudi, unakunywa, unakula, yamekwisha. Chupa ya kukimbia nayo mkononi kwa kilomita tano ni mzigo tu, labda kama unajisikia salama zaidi ukiwa nayo.

Agizo la kunywa kabla ya kusikia kiu lina historia yake. Mwaka 1996 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilitoa mwongozo uliowataka wanamichezo wajaribu kurudisha jasho lote wanalopoteza, au wanywe kiasi kikubwa kabisa wanachoweza kukivumilia. Ushauri huo ukaenea duniani, ukafika mpaka kwenye vijiwe vyetu vya jogingi ukiwa umefupishwa: ukisikia kiu, umeshachelewa. Kisha yakatokea ya Boston. Katika marathoni ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 pale mwisho wa mbio, wakakuta 13 katika kila 100 sodiamu yao, yaani chumvi ya damu, imeshuka chini ya kiwango cha kawaida. Katika mbio hizohizo mwanamke wa miaka 28 alifariki kwa sababu hiyo. Waliokuwa hatarini zaidi hawakuwa wale wa mbele wanaopita meza za maji kama upepo. Walikuwa wanaokimbia zaidi ya saa nne, wenye nafasi ya kusimama kila meza, na hasa wale waliomaliza wakiwa na uzito mkubwa kuliko walioanza nao. Fikiria hilo: mtu anakimbia kilomita 42 na anaongezeka uzito! Yote hayo ni maji.

Madaktari huiita hali hiyo haiponatremia. Sodiamu ya damu kwa kawaida huwa kati ya milimoli (kipimo cha wingi wake) 135 na 145 kwa lita. Maji yakizidi, damu inazimuka, maji yanaingia kwenye seli, na seli za ubongo zikivimba hazina nafasi kwa sababu fuvu halitanuki. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, pete kubana kidoleni. Ikizidi, mtu anachanganyikiwa, anapata degedege. Mwongozo mpya wa chuo kilekile, wa mwaka 2007, uligeuza lugha: mkimbiaji asipoteze zaidi ya asilimia 2 hivi ya uzito wake, na asiongezeke uzito hata kidogo.

Kiu, kwa hiyo, si adui yako. Ubongo una vihisi vinavyoamka damu ikikolea kwa asilimia moja au mbili tu, muda mrefu kabla hujawa hatarini. Na ukitaka kujua binadamu anaweza kuvumilia nini, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alipimwa kwenye marathoni ya Dubai mwaka 2009: alishinda huku amepoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake. Sikutajii ili umwige. Nakutajia ili uone kwamba kupungukiwa nusu lita alfajiri ya Tabata si jambo la kumtia mtu hofu.

Sasa kichwa chako. Kwenye barua yako nimeona kitu ambacho naamini kinahusika kuliko yote: umeacha chai. Mtu aliyezoea vikombe viwili vitatu kwa siku akiacha ghafla, kichwa huanza kumuuma ndani ya siku moja, na kinaweza kuendelea zaidi ya wiki. Ni kafeini inayodaiwa. Na waliokuambia chai inakausha mwili wamekudanganya, japo kwa nia njema. Kafeini kidogo huongeza mkojo kwa mtu asiyeizoea, lakini kikombe cha chai kinaingiza maji mengi kuliko yale yanayotoka. Wanariadha wa Kenya wa kiwango cha dunia waliofuatiliwa wiki nzima kambini karibu na Eldoret walikutwa wanakunywa chai ya maziwa yenye sukari kwa kiasi kinachozidi kidogo maji yenyewe: kama lita moja na robo ya chai kwa siku, na maji kama lita moja na ushei. Hawakuwa na chupa za rangi wala vidonge vya kuyeyusha. Mchana ugali, sukuma wiki, maharage. Chai asubuhi, chai baada ya mazoezi, chai jioni.

Rudisha chai yako. Ukipenda, nusu kikombe kabla ya kutoka. Pamoja nayo weka tumboni kitu kidogo, ndizi mbivu moja au tende mbili, maana kama ulikula saa moja usiku na unarudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umekaa karibu saa kumi na mbili bila chakula, na hilo peke yake linatosha kuumiza kichwa. Jipe wiki mbili hivyo, na maji glasi moja. Kichwa kikiendelea, nenda kituo cha afya upimwe presha na wingi wa damu. Presha kwa kweli ungepimwa hata kichwa kisipouma. Mama akiwa nayo, mtoto wa miaka 34 hatakiwi kuwa anakisia.

Hilo la presha linanileta kwenye ORS ya kila siku. Sitaki uinywe hivyo. Pakiti ya ORS ya Shirika la Afya Duniani ikiyeyushwa kwenye lita moja inatoa milimoli 75 za sodiamu, yaani zaidi kidogo ya miligramu 1,700. Shirika hilohilo linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku nzima, ambazo ni gramu 5 za chumvi ya mezani. Ukinywa lita ya ORS kisha ukala chipsi mayai mchana, umeshavuka. Ile ni dawa ya mtu anayeharisha, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Kwa mtu aliyekimbia dakika arobaini na anakwenda kunywa chai na chapati, ni chumvi juu ya chumvi.

Elektrolaiti ni nini hasa? Ni chumvi za mwili: sodiamu, kloridi, potasiamu, magnesiamu, kalsiamu. Kwenye jasho, ile inayotoka kwa wingi ni sodiamu pamoja na kloridi, yaani chumvi ya kawaida ya jikoni. Nyingine hutoka kidogo sana na chakula huzirudisha bila wewe kujua: ndizi, maharage, mchicha, dagaa. Kiasi cha sodiamu kinatofautiana mno kati ya mtu na mtu; lita ya jasho inaweza kuwa na miligramu 200 kwa mmoja na zaidi ya 1,500 kwa mwingine, wengi wakiwa karibu na 900 hivi. Namna rahisi ya kujijua ni kukimbia na fulana nyeusi. Ikikauka, angalia mgongoni na kwenye kingo za kofia. Ukiona mistari myeupe kama ramani, na jasho likiingia machoni linachoma, wewe ni wa chumvi nyingi, na siku za mbio ndefu utaihitaji kuliko mwenzako. Usipoona kitu, shukuru. Mwenzako aliyekushauri ORS ya kila siku hajui wewe ni yupi kati ya hao.

Mimi huweka mpaka hivi: chini ya saa moja, maji kwa kiu na chakula chako cha kawaida. Kati ya saa moja na saa moja na nusu, maji yanatosha kwa wengi, ila msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, Dar ikiwa imefuka kama jiko, kinywaji chenye chumvi kidogo kitakusaidia. Zaidi ya hapo unahitaji maji, chumvi na sukari kwa pamoja. Sukari haipo kwa ajili ya utamu. Ukuta wa utumbo mdogo una milango inayopitisha sodiamu ikiwa imeshikana na glukosi, na vikipita hivyo viwili maji yanavifuata. Ndiyo siri iliyofanya ORS ikaokoa watoto wa kipindupindu, na ndiyo siri ya chupa za wanamichezo, ambazo kwa kawaida zina sodiamu chini ya nusu ya ile ya ORS na sukari asilimia 6 mpaka 8.

Huhitaji kuzinunua. Lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, robo kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vitatu vya chakula vya sukari, ndimu moja iliyokamuliwa. Kijiko cha chumvi kisawazishe kwa kisu, kisiwe na kilima, kwa sababu robo ikigeuka nusu kinywaji kinakuwa kichungu na tumbo litakataa. Hapo utapata karibu miligramu 600 za sodiamu na sukari asilimia 4 hivi. Onja: iwe na chumvi kama machozi au pungufu yake. Ukitumia pakiti ya ORS siku ya mbio ndefu, soma ni ya maji kiasi gani, na usiiyeyushe yote kwenye chupa ya nusu lita kama imeandikwa lita moja. Mchanganyiko mkali huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na utakapokuwa kilomita ya kumi na nne utaelewa nilikuwa nasema nini.

Dafu? Kinywaji kizuri, na yule kijana wa baiskeli pale kona ni rafiki wa afya yako. Lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kinyume cha jasho. Linywe baada ya mbio, na karanga za chumvi kiganjani. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ni habari nyingine, na nimeona vijana wa jogingi wakivigugumia kana kwamba ni vya michezo. Vina sukari kama gramu 11 kwa kila mililita 100, kupita kiasi kinachofaa wakati unakimbia, na kafeini juu yake. Usiviguse njiani.

Misuli kubana hujaniuliza, ila utaambiwa tu kwamba dawa yake ni chumvi. Watafiti wa Afrika Kusini walipowapima wakimbiaji wa masafa marefu waliobanwa misuli na wasiobanwa, chumvi za damu zao hazikutofautiana kwa namna ya kueleza tatizo. Sababu kubwa ni misuli kuchoka kupita mazoezi iliyozoea, yaani kukimbia kasi ambayo hukuifanyia mazoezi. Simama, nyoosha taratibu, punguza kasi.

Kabla ya Moshi nataka ufanye kipimo kimoja, siku ya mbio zako ndefu. Tafuta mizani ya kuaminika. Nenda haja ndogo, vua nguo, jifunge kanga kavu, pima. Kimbia saa moja kamili ukiwa na chupa ya nusu lita. Ukirudi jifute jasho vizuri mpaka kwenye nywele, kanga ileile iliyobaki kavu, pima tena kabla ya kwenda choo. Tuseme ulikuwa kilo 62.4, sasa 61.9, na chupani umekunywa mililita 300. Umepungua nusu kilo, ambayo ni nusu lita, ongeza ile mililita 300: jasho lako ni mililita 800 kwa saa. Rudia siku nyingine yenye joto tofauti, namba zitasogea.

Tuchukulie namba hiyo na tuseme utamaliza kilomita 21 kwa saa mbili na dakika arobaini. Jasho lote litakuwa kama lita mbili na kidogo. Asilimia 2 ya uzito wako ni kilo moja na robo, ambayo unaweza kuipoteza bila shida. Kinachobaki kunywa ni kama lita moja, kwa mbio nzima! Vituo vya maji vikiwa kila kilomita tatu hivi, ni mafunda manne kila kituo. Chukua chupa, kunywa mafunda manne, mengine jimwagie kichwani na shingoni, endelea. Usimalize chupa eti kwa sababu ni ya bure. Weka mfukoni tende kama sita, ule moja moja kuanzia dakika ya hamsini. Kama fulana yako huwa na ramani nyeupe, beba chupa ndogo ya mchanganyiko wa ndimu na uinywe badala ya maji kwenye baadhi ya vituo. Yote hayo uwe umeshayajaribu Tabata. Tumbo halipendi ugeni siku ya mashindano.

Moshi iko juu kuliko Dar na hewa yake haina unyevu kama wa pwani, hivyo jasho hukauka kabla hujaliona. Utadhani hutoki jasho. Unatoka. Pwani ni kinyume: linachuruzika mpaka viatuni lakini halipoozi mwili, kwa sababu jasho hupooza linapokauka, si linapodondoka. Faida yako ni kwamba mwili uliofanya mazoezi Dar msimu wa kaskazi umeshajifunza kutoka jasho mapema na kubana chumvi yake. Hilo huchukua kama wiki mbili tu za mazoezi ya joto.

Wenzako wanaofunga, Ramadhani ikiangukia kwenye miezi ya maandalizi, wakimbie taratibu dakika thelathini karibu na magharibi, wamalize futari ikiwa mezani. Mbio ndefu za mchana waziache.

Kitu kimoja nakukataza bila mjadala: diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ili miguu isiume. Dawa hizo zikikutana na jasho na joto huumiza figo, na huzuia figo kutoa maji ya ziada, kwa hiyo zinakusogeza kwenye haiponatremia niliyoieleza juu. Na mkimbiaji mwenzako akianza kuongea ovyo, kuyumba au kutapika, usimlazimishe maji. Akiwa wa moto sana, mpeleke kivulini, mmwagieni maji baridi mwili mzima huku mkiita huduma ya kwanza. Mwambieni daktari alikuwa anakunywa kiasi gani njiani. Taarifa hiyo moja husaidia kuamua awekewe dripu ya aina gani au asiwekewe kabisa.

Ukimaliza, usikimbilie chupa tatu za maji mfululizo. Kunywa kwa kiu, polepole, kwa saa kadhaa, na ule chakula chenye chumvi, kwa sababu maji matupu bila chumvi yataishia chooni. Uko Uchagani, tafuta bakuli la mtori wa moto wenye nyama: ndizi zina potasiamu, supu ina chumvi na maji, nyama inatengeneza misuli. Bia ya kusherehekea kama unakunywa, isubiri mpaka umeshakula na umekojoa angalau mara moja mkojo wa rangi nyepesi.